Shuka Lisilopigwa Pasi

Bi Gelsomina alisema amemwona kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa amekaa mlangoni kwake akinyonyoa kuku, wala hakuwa na shughuli na mtu, alipoinua kichwa kufukuza manyoya puani akaona dirisha la juu la Fundi Callisto liko wazi. Na ndani ya dirisha hilo, akasema, alikuwa Domitilla mfuaji. Ameketi, amejifunika shuka gubigubi kuanzia utosini, kichwa amekiinamisha, mkono umelegea gotini, analia. Analia vipi? Analia kimya kimya, kile kilio cha mtu aliyekwisha maliza sauti. Gelsomina alimaliza bawa moja, akamaliza la pili, akamgeuza kuku akanyonyoa mgongo, na Domitilla hakuinua kichwa.

"Hata nilipomwita hakugeuka," alisema. "Nami nikanyamaza, maana mimi nina huruma."

Huruma yake ilifika kwenye birika la kufulia kabla kuku hajafika chunguni.

Habari ile haikuwa ndogo. Nazzareno, mume wa Domitilla, alikuwa mwashi, na mwaka juzi aliteleza kutoka kwenye jukwaa la waashi wakitengeneza paa la kanisa. Tangu alipoletwa nyumbani juu ya ubao, hakuna mtu katika uchochoro ule wa chini ya kilima cha Pincio aliyewahi kuona chozi la mkewe. Alimwosha mwenyewe, akamvisha, akawapokea wageni, akawagawia maharage na jibini la kondoo, akahakikisha kila mmoja ana kijiko. Makaburini wanawake wengine walilia kwa niaba yake. Baada ya hapo akarudi birikani, akafua, akamtania mbeba makaa kama kawaida. Wasiompenda walisema ana moyo wa jiwe. Waliompenda walisema ana kazi nyingi.

Ninfa, bintiye, aliisikia hadithi ya Gelsomina kesho yake, akiwa ameinama birikani akikamua soksi za padri. Aliendelea kukamua, akimtazama Gelsomina mdomoni. Ninfa alikuwa mtu wa namna hiyo. Alisoma kwa masista mpaka akajua kusoma maandishi ya chapa na kushona upindo usioonekana, kisha akaambiwa inatosha. Kutazama hakufundishwa na mtu. Alikuwa anatazama tu, polepole, kama paka juu ya ukuta. Na kwa kuwa alikuwa anatazama, alijua vizuri ni nani aliyekuwa ameketi pale dirishani. Alijua pia lile shuka ni la nani.

Mara Domitilla akatokea kwenye kona, kapu kichwani.

"Pole sana, shoga yangu," Gelsomina akamwahi.

"Pole ya nini? Nimefiwa tena?"

"Usifiche. Kulia si aibu."

"Nani amelia?"

"Wewe. Dirishani kwa fundi. Jana, nikinyonyoa kuku."

Domitilla akatua kapu. "Jana ulipokuwa unanyonyoa kuku mimi nilikuwa kwa watawa nikipokea mapazia yao. Nenda kawaulize. Au nao umewaona dirishani?"

Wanawake wakacheka. Gelsomina hakurudi nyuma. "Nilikuona, Domitilla. Macho yangu ni mazima."

"Macho ni mazima. Ila ulikuwa unanyonyoa kuku, au unanyonya chupa?"

"Cheka tu. Shuka lilikuwa na upindo mwekundu, wenye nyota nyota. Mtu mlevi anaona nyota za upindo?"

Hapo Domitilla akaacha kucheka. Akageuza kichwa taratibu, akamtazama binti yake. Ninfa aliendelea kukamua soksi ambazo zilikwisha kauka zamani.

"Upindo mwekundu," Domitilla akasema. "Haya. Wewe mwanangu baki na kapu. Umalize mapazia yote."

Akapangusa mikono kwenye aproni akaondoka.

Sasa ni hivi. Fundi Callisto alikuwa mchoraji, na Ninfa alikuwa akimfanyia kazi tangu baba yake afe. Alianza kwa kufagia na kusaga rangi. Kisha siku moja fundi alimwona akitandika kitambaa mezani, akamsimamisha akasema, "Hebu kitupe tena. Hivyo hivyo." Tangu hapo kazi yake ikawa ni kuvisha. Mafundi wa Roma wa wakati ule, kabla Wafaransa hawajaja kutubebea picha zetu, walikuwa na utaratibu wao: kwanza unamchora mtu mtupu, na magoti na mbavu zake, halafu juu yake ndipo unachora nguo. Nguo isiyo na mtu ndani, Fundi Callisto alikuwa akisema, ni nguo ya dobi tu. Mtu mtupu alikuwa ni Settimio, mbeba makaa, kwa sababu wanawake hawakuchorwa hivyo, na Settimio alikuwa na subira na ndevu za kuficha aibu yake. Mtu wa kuvaa nguo alikuwa Bi Mbao.

Bi Mbao alikuwa mwanasesere wa mbao, mkubwa kama mtu, mwenye viungo vya kukunja. Hakuwa na nywele wala macho. Unamkalisha unavyotaka, na anakaa vile mpaka umwambie basi. Ninfa alikuwa akiloweka kitambaa kwenye maji ya wanga mwepesi, anakikamua, anamtupia Bi Mbao, kisha anakwenda na vidole akibana mikunjo, mmoja hapa, mmoja pale, mpaka kitambaa kinakaa kama kinavyotakiwa. Kikikauka ni marufuku. Hakuna kugusa, hakuna kufungua dirisha la pili, hakuna kupiga chafya upande ule, mpaka fundi amalize kuchora.

Mchoro wa safari hii ulikuwa wa mjane. Chama cha maziko cha parokia kilitaka picha kubwa ya ukutani kwa kanisa lao dogo: mwanamke aliyeketi kando ya kaburi la mumewe, amejitanda, huzuni yake imetulia, bila makelele. Katibu wa chama, Padri Procopio, angekuja Jumamosi kuutazama mchoro. Akiukubali, kazi ipo. Akiukataa, kulikuwa na mchoraji mwingine, kijana, mtaa wa juu, ambaye wajane wake wa kuchorwa walikuwa tayari wanasubiri mlangoni.

"Wakikataa nafunga nyumba," fundi alimwambia Ninfa wakila mkate na mboga chungu. "Dada yangu yuko Ancona. Ana chumba kinachotazama bahari. Ana supu."

Alilisema kama mzaha. Lakini Ninfa aliona kwamba tayari ameanza kugawa brashi zake.

Jambo hilo Ninfa hakutaka hata kulifikiria. Fundi Callisto alikuwa mzee mwenye mikono inayotetemeka mpaka chaki iguse karatasi, na alikuwa mtu wa pekee aliyewahi kumuuliza Ninfa, "Wewe unaona nini hapo?" na kungoja jibu. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa akipanda ngazi za fundi kila juma kuchukua mashati, na kila juma waligombana. Domitilla alisema shati lenye chaki kama lile hata maiti angelikataa. Fundi alisema basi asipewe maiti, apewe yeye. Lakini Ninfa alikuwa ameona kwamba mashati ya fundi yanafuliwa ya mwisho, baada ya maji kubadilishwa, na yanaanikwa pale kwenye jua zuri.

Sasa kitambaa cha fundi kilikuwa kipya kutoka dukani. Kilisimama kama bati. Kwa mjane kingefaa nini? Ninfa alijua kitambaa kinachoanguka vizuri ni kile kilichofuliwa miaka na miaka. Na lile lililofuliwa kuliko yote lilikuwa ndani ya kasha la mama yake: shuka la harusi, la kitani, alilofuma bibi yake kijijini, lenye upindo wa nyota nyekundu. Lilikuwa limekunjwa humo pamoja na majani ya mbei ya kufukuza nondo tangu Nazzareno afe. Ninfa hakuomba, kwa sababu alijua jibu. Alilichukua Jumatatu, akakusudia kulirudisha kabla Jumamosi haijaisha. Na likaanguka juu ya Bi Mbao vizuri mno, kiasi kwamba fundi alisimama mbele yake akavua kofia.

Kufikia siku ile ya Gelsomina, fundi alikuwa amekwisha chora kichwa kilichofunikwa, bega na mkono mmoja. Kuanzia mapajani hadi miguuni karatasi ilikuwa bado na magoti ya Settimio peke yake.

Ninfa alifua mapazia ya watawa haraka haraka, vibaya, akakimbia kupanda ngazi. Alichelewa. Fundi ndiyo kwanza amerudi kutoka kununua chaki. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkate mkononi, akimtazama Bi Mbao aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake uchi wa kizaliwa, kipara kikimeremeta.

"Ninfa mwanangu," fundi akauliza kwa sauti ndogo, "nani amemvua nguo Bi Mbao?"

Nyumbani harufu ya pasi ilimpokea tangu ngazini. Domitilla alikuwa ameshalifua shuka, amelitia wanga na buluu ya kung'arisha, na sasa alikuwa akilipiga pasi ya makaa kwa nguvu, kama anayemshindilia mtu maneno.

"Karibu, mwizi," akasema bila kuinua macho. "Umechukua shuka langu ukamvika gogo."

"Nilitaka kitu kinachoanguka vizuri, Mama."

"Kimeanguka kweli. Kimekunjamana kama uso wa Gelsomina. Ona sasa, nimekinyoosha. Hakuna mkunjo hata mmoja, tafuta."

Ninfa akalitazama shuka. Lilikuwa limenyooka kama maji ya kisimani. Akaketi kwenye kasha akaanza kulia.

Domitilla akashangaa. "Sijakupiga."

"Mama, ile mikunjo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe."

"Mikunjo ndiyo kazi?" Domitilla akaitua pasi. "Mimi maisha yangu yote naondoa mikunjo, wewe leo unaniambia mikunjo ndiyo kazi?"

Ndipo Ninfa akamweleza. Kwamba ile haikuwa mikunjo ya ovyo, kila mmoja aliuweka kwa kidole. Kwamba fundi alikuwa amefika nusu. Kwamba Padri Procopio anakuja Jumamosi, na leo ni Alhamisi, na akikataa fundi anafunga nyumba na kuhamia Ancona.

"Ancona ipi?" Domitilla akauliza.

"Ziko Ancona ngapi, Mama? Hiyo ya baharini. Kwa dada yake."

Domitilla aliinyanyua pasi, akaishika hewani, akasahau kuishusha. "Na mashati yake nani atafua huko?"

"Dada yake, nadhani."

"Anajua kutoa chaki huyo?"

Mama yake akasimama hivyo hivyo na pasi mkononi mpaka jivu likaanza kudondoka sakafuni, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Ijumaa asubuhi fundi na Ninfa walijaribu kitambaa cha dukani. Walijaribu kwa wanga, bila wanga, kwa maji ya moto. Kilisimama juu ya Bi Mbao kama hema la askari. Fundi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anamtazama Bi Mbao kama mtu anayemtazama punda aliyegoma, mlango uliposukumwa. Domitilla akaingia, shuka kwapani.

"Nimeliharibu tena," akasema. "Nimetoa wanga wote, nimelisokota, nimelikalia. Nilifumba macho, lakini nimefanya."

Fundi akajaribu kusimama. "Bi Domitilla. Nimesikia ulilipiga pasi."

"Nililipiga."

"Sijaliona, lakini nina hakika ulilipiga vizuri sana."

"Usinitanie, fundi, sijalala."

"Sitanii. Miaka yote hii nafanya kazi, hakuna mtu aliyewahi kuninyooshea kazi yangu kiasi hicho."

Domitilla akataka kukasirika, akashindwa, akamtupia Ninfa shuka. "Mvishe huyo mwenzenu."

Ninfa alililoweka, akalikamua, akamvisha Bi Mbao. Alibana mikunjo kwa kukumbuka. Begani ilikuja karibu sawa. Mapajani ilikataa. Karatasini mkono uliochorwa ulikuwa unaelekea kwenye paja lililolegea, na hapa paja la Bi Mbao lilikuwa limekauka kama tawi, shuka likiteleza upande wa pili kila likiwekwa. Alirudia, akarudia tena. Fundi hakumharakisha. Alikuwa akisema tu, "Pumzika kidogo, mwanangu," na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angemfokea.

"Linakwamia wapi?" Domitilla akauliza. "Hebu mtoeni huyo. Nikae mimi nione linakwamia wapi."

Wakamwondoa Bi Mbao wakamsimamisha kwenye kona, uso ukutani. Domitilla akaketi kwenye kigoda na gauni lake la kazini. Ninfa akamfunika.

"Haya, nafanya nini?" sauti ikatoka ndani ya shuka.

"Hufanyi kitu, Mama."

"Hiyo kazi sijawahi kupewa."

"Inamisha kichwa kidogo," fundi akasema. Alikuwa ameshashika chaki, na mkono wake ulikuwa unatetemeka.

"Natazama nini?"

"Sakafu tu."

"Sakafu! Ninfa, hii ndiyo unayoita kufagia? Naona ganda la yai hapa. Fundi, unakula mayai ukitembea?"

"Mama, ukisema shuka linachezacheza."

"Nimenyamaza. Ila ganda la yai lipo."

Ninfa akachukua bakuli la maji akapiga magoti. Akalowesha shuka kuanzia magotini kwenda chini kwa ncha za vidole, tone kwa tone, akabana mkunjo mrefu unaotoka gotini, akauacha mwingine ujiangukie. Hakuhitaji kulazimisha. Lile shuka lilimjua mama yake. Lilimkaa mapajani kama lililorudi kwao. Nyuma yake akasikia chaki inagusa karatasi, halafu inakwenda, na alijua bila kugeuka kwamba mkono wa fundi umetulia.

Kulisikika chaki tu, na njiwa juu ya vigae. Kisha, mahali fulani upande wa pili wa uchochoro, waashi walipanda kazini. Nyundo moja ikaanza kugonga, ikaitikiwa na nyingine. Mwashi mmoja akapiga mluzi, akaacha, akamwita mwenzake amrushie kamba.

Mkono wa pili wa Domitilla, ule ambao fundi hakuwa ameuchora bado, ulikuwa gotini, umefunga ngumi kama kawaida yake, kama unaoshika sabuni. Ninfa aliuona unafunguka. Ulifunguka kidole kimoja kimoja mpaka ukalala chali, kiganja juu, chenye nyufa za magadi, kimya. Fundi akavuta pumzi. Chaki ikaenda kasi.

Ninfa akainua macho taratibu. Shuka mahali pa uso lilikuwa jeupe na kavu, maana kule juu lilikwisha kauka, wala hakuwa ameongeza maji. Alijua kila tone alipoliweka. Na pale, chini ya kikunjo cha paji la uso, palikuwa na alama. Mwanzo ilikuwa ndogo kama ukucha. Ikapanuka. Ikatokea ya pili kando yake, zikaungana. Bega halikutikisika. Hapakuwa na sauti. Ilikuwa ni ile alama tu, inakua kama maji yanayopenya ukutani, na shuka likianza kushika umbo la shavu.

Ninfa alikaa pale magotini na bakuli lake. Alitamani kumkumbatia. Lakini alimfahamu mama yake. Angemkumbatia, mama yake angeruka, angesema jua limemwingia machoni, angeenda zake kufua, na ingekuwa basi tena kwa miaka mingine. Kwa hiyo hakufanya kitu, akaendelea kubana mkunjo ambao ulikuwa umeshakaa vizuri.

Ndipo ngazi zikalia. Zilikuwa hatua nzito, zenye kupumua, za mtu anayepanda na kisingizio mkononi.

"Hodi humu! Nimewaletea maini ya kuku," Bi Gelsomina akaita kutoka chini. "Nimeona dirisha wazi nikasema labda hamjala!"

Chini ya shuka mwili wote wa Domitilla ukakauka. Mkono ukaanza kufunga. Angefuta uso, shuka lingevurugika, mchoro ungeharibika. Asingefuta, Gelsomina angeona, na kabla ya chakula cha mchana birika zima lingekuwa na habari.

Ninfa akasimama. Akachota maji kwa kiganja, akamnyunyizia mama yake kichwani. Akachota tena, akamnyunyizia usoni, shingoni, mabegani, polepole, mpaka shuka lote likawa limelowa sawasawa, na ile alama ikapotea ndani ya maji kama haikuwahi kuwapo.

Fundi alikuwa ameacha kuchora. Kichwa na mabega alishayamaliza tangu Jumatano. Huko juu maji hayakuwa na kazi yoyote, na yeye alijua kuliko mtu mwingine. Alimtazama Ninfa. Akamtazama yule aliyekuwa ndani ya shuka. Kisha akakohoa.

"Vizuri," akasema kwa sauti kubwa. "Ongeza kidogo hapo karibu na macho. Panakauka upesi."

Ninfa akaongeza.

Gelsomina akaingia na sahani yake, akaona, akapiga kelele. "Nilisema! Mama yangu, nilisema! Huyo hapo, analia!"

"Nimemwagiwa maji, wewe," Domitilla akajibu kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, au karibu. "Gusa hata bega. Naoshwa kama figili."

Gelsomina akagusa bega. Akagusa kichwa. Akatazama kidole chake kilicholowa. "Na juzi je? Juzi nani alikuwa analia?"

"Mgeukie aliye nyuma yako, umpe pole."

Gelsomina akageuka. Bi Mbao alikuwa kwenye kona, kipara, uchi, uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Bi Gelsomina akapiga ishara ya msalaba, maini yakatikisika sahanini.

"Ndiyo maana hakuitika," akasema.

"Anaringa," fundi akasema. "Weka maini mezani, Bi Gelsomina, Mungu akubariki, na ufunge mlango, upepo utaniharibia kazi."

Gelsomina akashuka ngazi. Nyundo za waashi zilikuwa bado zinagonga. Mkono ulifunguka tena, taratibu, ukalala pale pale ulipokuwa. Fundi alichora mpaka jua likahama dirishani.

Jumamosi Padri Procopio alikuja na mafua na leso kubwa. Mchoro ulikuwa umebandikwa kwenye ubao: karatasi ya rangi ya majivu, chaki nyeusi, na chaki nyeupe kidogo mahali pa mwanga. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mbona uso hauonekani?"

"Hakutaka uonekane, Padri," fundi akasema.

"Magoti ni mapana kwa mwanamke."

"Hayo nitayapunguza."

Padri akapenga kamasi. Akauchunguza mchoro mpaka Ninfa, aliyekuwa ameshika sinia la vikombe, akahisi mikono inamuuma. "Mkono huu," hatimaye akasema, akionyesha kile kiganja kilicholala chali. "Huu usiuguse. Punguza magoti, lakini huu uache ulivyo." Na mlangoni, akivaa kofia, akaongeza kwamba ukuta wa kanisa utasafishwa kabla ya Krismasi, na kwamba fundi aanze kupiga mistari ya kukuzia mchoro uenee ukutani.

Basi Ancona ikabaki ilipo.

Domitilla alipanda jioni hiyo hiyo kuchukua shuka lake. Ninfa alikuwa mlangoni akiosha vikombe ndooni. Shuka lilikuwa limetandazwa kwenye kamba kando ya dirisha, limekauka na mikunjo yake yote.

"Nishikie, Ninfa, tulikunje," mama akasema.

"Mikono yangu ina maji, Mama."

Haikuwa na maji sana. Lakini fundi alikuwa amekwisha simama, ameshika ncha mbili.

"Mikono hiyo ina chaki!" Domitilla akasema.

"Nimenawa. Tazama."

"Umenawa mpaka wapi, mpaka kwenye kucha?" Lakini akashika ncha zake. Wakalivuta likakaza katikati ya chumba, kama wanavyofanya watu wawili wanaokunja shuka, wakarudi nyuma, wakalikunja mara moja, wakalivuta tena. Mikunjo ya Ninfa ilikuwa bado imo, ile ya magotini na ile mirefu ya pembeni. Domitilla aliitazama na hakusema lolote kuhusu pasi.

"Mchoro mmoja haujazi ukuta," fundi akaanza. Hakuwa akimtazama usoni, alikuwa akitazama upindo wa nyota. "Picha yenyewe ni kubwa. Itachukua kipindi chote cha baridi. Na Bi Mbao, unamjua mwenyewe, hajui kukaa."

"Ana kichwa kigumu."

"Nitalihitaji shuka hili, Bi Domitilla." Mkono wake ukaanza kutetemeka, na kitani kikapeleka mtetemo ule mpaka upande wa pili. "Nitalihitaji pamoja na mwenyewe. Siku za kuchora, na zile nyingine pia, ukiona inafaa. Utapanda?"

Kukunja shuka ni lazima watu wasogeleane, mmoja apeleke ncha zake kwa mwenzake. Ilikuwa zamu ya Domitilla kusogea. Alikuwa amesimama pale dirishani, ncha mikononi, akisugua kwa kidole gumba doa dogo jeupe la chaki lililokuwa karibu na nyota ya mwisho. Doa halikutoka. Hakulitemea mate wala hakuuliza sabuni iko wapi; aliliacha hapo, akapiga hatua ya kwanza. Ninfa, mlangoni, aliacha kikombe kielee ndooni, akangoja kama fundi alivyokuwa akingoja.